Branchi ya wikiendi ukihama mji: jibu kwa dada aliyetoka Istanbul hadi Melbourne

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Kazi ya mume wangu imetuhamisha mara kadhaa. Tulianza maisha Istanbul, tukaenda Dubai, tukakaa New York, na sasa tuko Melbourne. Kote huko furaha yangu ya wikiendi ni branchi, ule mlo wa saa nne au saa tano unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana. Lakini kila tukihama, miezi ya mwanzo huwa michungu. Hapa Melbourne nilialika watu tukawa wanane, nikitaka tukae mezani kama tulivyokuwa tukikaa Istanbul. Saa saba haijagonga mhudumu akaleta bili, na saa nane jiko likafungwa. Kila mtu alikuwa na sahani yake, hakuna cha kuchangia. Je, mji huu haujui branchi, au mimi ndiye sijui kuitafuta? Niache mikahawa niwe napika nyumbani? Na kama ni kupika, mbona menemen yangu, yale mayai ya nyanya na pilipili hoho, hutoka majimaji?"

Marahaba, dada yangu. Melbourne inaijua branchi vizuri sana. Kilichotokea ni kwamba uliagiza Istanbul kwenye mkahawa wa Melbourne, na yule mhudumu hakuwa na namna ya kukupa. Kabla sijaanza kufundisha upishi nilifanya kazi kwenye majiko ya asubuhi, ya hoteli na ya mikahawa midogo, katika nchi tofauti. Kila mahali niliona jambo lile lile: branchi hufuata saa ya mji. Watu wamelala saa ngapi, siku yao ya mapumziko ni ipi, ibada yao ni lini, nyumba zao zina nafasi kiasi gani, na mwenye mkahawa anapata faida yake wapi. Chakula chenyewe huja nyuma ya hayo. Ukifika mji mpya ukaanza kutafuta chakula, utakuta mayai yapo kila kona na bado utatoka hujaridhika. Ukianza kwa kuuliza saa, utajua uende lini, na nani, na uagize nini.

Hata asili ya mlo huu ni shauri la saa. Mwaka 1895 Mwingereza Guy Beringer aliandika katika jarida la Hunter's Weekly kwamba Jumapili watu waachane na mlo mzito wa nyama baada ya kanisa. Badala yake wale mlo mmoja kuelekea adhuhuri, waanze na chai au kahawa na vitu vyepesi, kisha waendelee na vizito. Alikuwa na sababu mbili kubwa. Kwanza, aliyechelewa kulala Jumamosi apate usingizi wake bila kusumbuliwa. Pili, mlo wa namna hiyo huchangamsha watu na kuwafanya wazungumze. Usingizi na mazungumzo: shika hayo mawili, maana miji yako imeyagawana, mmoja ukachukua hili, mwingine lile, na Melbourne ikaja na jambo la tatu kabisa.

Istanbul ilichagua mazungumzo, na ndiyo maana imekushika moyo. Kumbuka meza ilivyokuwa inapangwa kwenye ile kahvaltı, yaani kifungua kinywa cha Kituruki, ya kutandaza, serpme kama wanavyoiita wenyewe. Jibini nyeupe, jibini ya manjano, zeituni nyeusi na za kijani, matango, nyanya, jemu za aina mbalimbali, asali juu ya kaymak, ile malai nzito inayokatika kwa kisu, mkate wa moto na simit, ile mikate ya duara yenye ufuta. Ukikaa mahali pa watu wa Van, mji wa mashariki mwa Uturuki, utaletewa na jibini yao yenye majani ya mlimani ndani. Sasa itazame meza hiyo kwa jicho la mpishi. Karibu kila kitu pale ni cha baridi, na hakiharibiki ladha kwa kukaa saa moja au mbili. Jiko linapika mayai na sucuk tu, ile soseji ya ng'ombe yenye kitunguu saumu, tena kwa sufuria ndogondogo. Baada ya nusu saa ya kwanza jiko halina tena deni na meza yako. Kinachoendelea kuja ni chai, nayo gharama yake kwa mwenye mkahawa ni ndogo. Kwa hiyo mnaweza kukaa mpaka alasiri pale Beşiktaş, kwenye ule mtaa wa mikahawa ya kifungua kinywa, au Rumelihisarı mkitazama meli zinavyopita Bosphorus, na hakuna atakayewakodolea macho. Ukarimu wa watu upo na ni wa kweli, lakini unabebwa na hesabu inayoruhusu.

Hapo ndipo penye jibu la bili iliyokuja mapema. Meza ya Istanbul huzaa faida kwa wingi wa vitu vilivyoletwa kwa pamoja, watu wakiwa wengi na wakakaa sana. Meza ya Melbourne huzaa faida kwa kubadilisha wateja. Nitarudi huko, lakini acha nipite Dubai kwanza, na sitakaa.

Dubai ni mji wa watu walio mbali na ndugu zao, na branchi yao ni sherehe iliyopangiwa muda: unalipa bei moja, mlango unafunguliwa adhuhuri, unakula na kunywa kwa saa tatu au nne, kisha inakwisha. Kwa muda mrefu siku yake ilikuwa Ijumaa. Tarehe 1 Januari 2022 serikali ya Falme za Kiarabu ilihamisha wikiendi kwenda Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikabaki nusu siku ya kazi, na branchi nyingi zikahamia Jumamosi. Huo ni ushahidi mzuri kuliko wote wa ninachokuambia: chakula hakikubadilika hata kijiko, serikali iligusa kalenda tu na mlo ukafuata. Ukirudi kule siku moja, zunguka bufee yote mara moja ukiwa na mikono mitupu kabla hujashika sahani, kisha anza kwa mpishi anayepika mbele yako. Vile vilivyokaa kwenye trei tangu adhuhuri viache vya wengine. Usiitafute branchi hiyo Melbourne, haipo kwa namna ile, na nadhani hata wewe huikumbuki kwa chakula chake.

New York ndiyo iliyochagua usingizi. Usiku wa Jumamosi ni mrefu, vyumba ni vidogo, na wengi hawana sebule ya kukaribishia marafiki hata wanne. Basi mkahawa wa mtaani huwa sebule ya kila mtu kuanzia saa tano mpaka saa kumi alasiri, na foleni mlangoni ni sehemu ya shughuli. Hata sheria ilibidi itoe nafasi: zamani mikahawa ya jimbo la New York haikuruhusiwa kuuza vileo Jumapili kabla ya saa sita mchana, na mwaka 2016 sheria ikabadilishwa ili waanze saa nne asubuhi. Watu waliiita sheria ya branchi. Ukiona bunge linakaa kujadili kinywaji cha Jumapili asubuhi, ujue mlo huo umeshakuwa mkubwa.

Sahani yao kuu unaijua: mayai Benedict. Nusu mbili za mkate mdogo wa duara, nyama ya nguruwe, yai lililopikwa majini bila ganda, na juu yake mchuzi wa holandezi. Wanaogombania asili yake ni wengi. Wako wanaosema ilizaliwa mkahawa wa Delmonico's, na wako wanaosema ni mteja mmoja aliyeamka na uchovu wa ulevi mwaka 1894 akaiagiza Hoteli ya Waldorf. Mimi mgogoro huo haunisumbui. Kinachonihangaisha ni mchuzi wenyewe, na nataka ujue unavyofanya kazi kwa sababu utaukuta Melbourne pia, kwenye kila menyu.

Holandezi ni kiini cha yai na siagi iliyoyeyushwa, na ndimu kidogo. Mpishi hupiga kiini juu ya mvuke mpaka kiwe kizito, halafu humimina siagi kidogo kidogo, kwanza kwa matone. Kiini kina kitu ndani yake kinachoshika mafuta na maji yasiachane. Joto likipita kiasi, kuelekea nyuzi 70, kiini hugeuka vipande vya yai la kukaanga na siagi huelea juu. Ukipoa sana, siagi huganda na mchuzi huwa kama nta. Kwa hiyo jiko zima la branchi huishi kwenye upenyo huo mwembamba: mchuzi hautakiwi uchemke wala upoe, na haufai kukaa muda mrefu kwa sababu joto lile la uvuguvugu ndilo wanalolipenda bakteria. Jiko lenye nidhamu hutengeneza kidogo, humwaga kinachobaki, hutengeneza tena. Jiko lililozidiwa na foleni hutengeneza ndoo nzima asubuhi. Ndiyo maana nawaambia watu wangu: mayai Benedict yaagize mwanzo wa zamu, jiko likifungua, au usiyaagize. Saa nane mchana agiza kitu kinachotoka motoni moja kwa moja, kama omleti.

New York ina mambo mawili mengine ambayo wageni hayaoni kwa sababu hayana jina la branchi ubaoni. La kwanza ni begeli, mkate wa duara wenye tundu katikati, na samaki salmoni wa moshi, desturi ya Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki. Duka la Russ & Daughters lipo tangu mwaka 1914, na Jumapili asubuhi watu hutoka pale na mifuko kwenda kula nyumbani. La pili ni mlo wa chai na vyakula vidogo wa Chinatown, mtaa wa Wachina, kwenye nyumba za chai kama Nom Wah Tea Parlor iliyofunguliwa mwaka 1920. Hilo la pili lishike, litakusaidia kule ulipo.

Sasa Melbourne. Mji huu hauanzi na usingizi, na hauanzi na mazungumzo. Unaanza na kahawa. Waitaliano waliohamia Australia kwa wingi baada ya vita ya pili ya dunia walikuja na mashine za espreso, na Pellegrini's ya mtaa wa Bourke iko pale tangu mwaka 1954. Kahawa ilishika mizizi kiasi kwamba Starbucks ilipoingia Australia mwaka 2000 haikupata pa kujishika, na mwaka 2008 ikafunga maduka 61, zaidi ya theluthi mbili ya iliyokuwa nayo nchini humo. Watu walikuwa na mkahawa wao mtaani na mtu anayewajua wanavyokunywa.

Kutokana na hilo mengine yote yanaeleweka. Mnywa kahawa huamka mapema, kwa hiyo mikahawa hufungua saa moja asubuhi na jiko hufungwa saa nane au saa tisa mchana. Wapishi wale wameingia alfajiri. Kwa jicho lako la Istanbul, saa nane ni katikati ya mlo, ila kwa jicho la mpishi wa Melbourne ni mwisho wa siku ya kazi. Halafu sheria ya kazi ya Australia inamtaka mwajiri alipe zaidi Jumapili na sikukuu, ndiyo maana utaona kwenye menyu nyongeza ya asilimia 10 au 15 siku hizo. Kila dakika ya mhudumu Jumapili ina bei ya juu, na meza ni chache. Hesabu yao inataka meza ile ile ikaliwe na watu wengine baada ya saa moja na nusu hivi. Bili yako ilikuja kwa sababu hiyo, wala hapakuwa na dharau ndani yake.

Kingine kilichokuudhi ni sahani ya kila mtu peke yake. Nakusihi uitazame upya, kwa sababu hapo ndipo Melbourne ilipoweka moyo wake. Mkahawa mdogo wa kule huwa na mpishi anayeichukulia sahani ya asubuhi kwa uzito ambao miji mingine huuweka kwenye chakula cha usiku. Parachichi juu ya mkate, ambalo dunia nzima sasa inalijua, liliingia kwenye menyu ya Bill Granger kule Sydney tangu mwaka 1993, na Melbourne ililichukua ikaliendeleza kwa namna yake: parachichi lililopondwa kwa uma lakini lisiwe uji, ndimu, pilipili, jibini ya chumvi, mbegu zilizokaangwa, na mkate wa chachu wenye ganda gumu. Onja kwanza kona bila yai, kisha pasua yai. Utaona mpishi aliyapima haya mambo: mafuta ya parachichi yanahitaji ukali wa ndimu, ulaini unahitaji kitu cha kutafuna. Sahani kama hiyo ukiigawa kwa watu wanane, kila mmoja atapata kipande kilichovunjika na hakuna atakayeipata ladha iliyokusudiwa.

Kwa hiyo mkahawa wa Melbourne uende na mtu mmoja, au wawili, basi. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi, Jumamosi kuliko Jumapili. Agiza kahawa kwanza, ile ya maziwa waiitayo flat white kama huna mazoea na kahawa tupu, na usiagize chakula mpaka uwe umeinywa nusu. Rudi mkahawa ule ule wikiendi kadhaa mfululizo. Mikahawa ya kule hulipa uaminifu: siku watakapoanza kutengeneza kahawa yako ukiwa bado mlangoni, utaona uchungu wa kuhama umepungua. Haya mambo ya kuzunguka kila wiki mkahawa mpya uliosifiwa mtandaoni ni ya watalii. Wewe ni mkaazi.

Na wale watu wanane? Hao wapeleke Chinatown ya mtaa wa Little Bourke, iliyopo tangu zama za dhahabu katika miaka ya 1850, au kitongoji cha Box Hill, mkale yum cha. Huu ni mlo wa chai na vyakula vidogo wa watu wa Guangzhou na Hong Kong, na kwa kila kipimo ulichonitajia ndiyo branchi unayoitafuta. Meza ni za duara na kubwa. Hakuna mwenye sahani yake; vikapu vya mvuke huja katikati, vyenye vifurushi vya unga mwangavu vilivyojazwa kamba wa baharini, mikate myeupe yenye nyama ndani, mikunjo ya unga wa mchele iliyomwagiwa soya. Babu, wajukuu na marafiki hukaa pamoja, na Jumapili ukumbi hujaa makelele ya raha. Jiko lao limejengwa kwa ajili ya makundi, kwa hiyo wanane ni idadi wanayoifurahia. Chai ikiisha, acha kifuniko cha birika kikiwa kimeinuliwa upande, mhudumu ataongeza maji bila kuitwa. Mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili; hiyo ndiyo asante, na haikatishi mazungumzo ya mtu. Agiza kwa awamu, vikapu vitatu au vinne kwa mara moja, maana vitu vya mvuke vikipoa ngozi yake hukauka na kushikana. Piga simu uweke nafasi mapema wiki hiyo, uombe meza ya saa tano.

Nyumbani, ndiyo, upike, lakini usipike kwa sababu umekata tamaa na mji. Pika siku unayotaka Istanbul hasa, na uipike sawasawa. Barabara ya Sydney Road, kuanzia Brunswick kwenda Coburg, ina maduka na mikate ya Waturuki. Zeituni, jibini, sucuk na majani ya chai ya Rize, mkoa wa chai wa Uturuki, utavipata huko. Ununue siku moja kabla, na jibini uitoe kwenye friji nusu saa kabla ya kula, maana jibini baridi haina harufu na bila harufu umekula chumvi tu.

Chai ndiyo itakayokuhakikishia kuwa meza inakaa. Tumia birika mbili, moja juu ya nyingine. Maji chini, juu majani, kijiko kidogo kimoja kwa kila mtu na kimoja cha ziada. Maji ya chini yakichemka, mimina kiasi juu ya majani, jaza maji tena birika la chini, punguza moto, uache mvuke uipike taratibu dakika 15 hadi 20. Ukifungua ukakuta majani yamezama, imeiva. Mimina theluthi moja ya bilauri kutoka juu, malizia na maji ya moto kutoka chini. Anayeipenda nzito muongezee kutoka juu. Birika la juu lisichemke kabisa; likichemka chai huwa chungu, na meza itakuvunjikia mapema.

Menemen yako hutoka majimaji kwa sababu mbili, na inawezekana unazo zote. Moja ni nyanya. Nyanya nzuri za Melbourne ni za Februari na Machi. Kati ya Juni na Agosti, ambayo kule ni majira ya baridi, nyanya mbichi za dukani zina maji mengi na ladha kidogo, basi tumia za kopo zile ndefu. Kaanga pilipili hoho ndefu za kijani kwenye siagi na mafuta ya zeituni mpaka zilegee, tia nyanya zilizokunwa, uache moto wa kati ufanye kazi bila kufunika. Buruta mwiko katikati ya kikaango. Njia ikibaki wazi kwa muda kabla ya mchuzi kuirudia, na mafuta yameanza kuonekana pembeni, ndipo wakati wa mayai. Wengi hutia mayai mapema mno, nyanya ikiwa bado supu, halafu wanasubiri maji yakauke huku yai linaiva kupita kiasi. Na hiyo ndiyo sababu ya pili: yai likipikwa sana hujikaza na kutema maji yake lenyewe. Kwa hiyo ongeza mayai, yavunje kwa mwiko mara nne au tano tu, na uondoe motoni yakiwa bado yanang'aa. Yatamalizikia kwenye joto la kikaango. Chumvi tia mwisho.

Kama ni kitunguu, uamuzi ni wako. Mwaka 2018 mwandishi wa chakula Vedat Milor aliwauliza Waturuki kwenye Twitter kama menemen itiwe kitunguu au la, kura zikapita 400,000, na wanaotaka kitunguu wakashinda kwa asilimia 51 tu. Mimi nakitia siku za nyanya za kopo, kwa sababu zinahitaji utamu. Nyanya za msimu naziacha zenyewe.

Nyumba ikiwa ndogo kwa wanane, bustani za umma za Melbourne nyingi zina majiko ya umeme ya kuchomea, ya bure. Sucuk na mkate juu ya bamba lile hutoka vizuri mno, na hakuna wa kukuletea bili. Pale uwe makini na joto tu. Kanuni ya Australia ni rahisi kuifuata: chakula kinachoharibika kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 kwa chini ya saa mbili, unaweza kukirudisha kwenye baridi; kati ya saa mbili na nne, kiliwe hapo hapo; kikipita saa nne, kitupwe. Muda wa safari na wa kupanga meza unahesabiwa pia. Zeituni, asali na jemu hazikusumbui. Kaymak, jibini laini na mayai viweke kwenye boksi la barafu mpaka watu wamekaa, na mayai yavunje pale pale bustanini, usiyabebe yakiwa yameshavunjwa kwenye chupa.